Bibi Feza na Lugha Waliyoiita Wazimu

Nyinyi wanangu mnaoingia kazi hii sasa mna simu zinazopiga picha, na kwa hilo nawaonea wivu kidogo. Mimi nilianza na kalamu ya wino wa bluu na daftari la shule. Nilikuwa mtetezi mahakamani hapa Kasongo, katika kile kiofisi cha msaada wa sheria nyuma ya soko, mpaka magoti yaliponiambia basi. Watu walinijia kwa mashamba, kwa ndoa, kwa watoto. Lakini kesi ambazo hazijanitoka moyoni ni za wazee: baba na mama waliowekwa katika nyumba ya kuwatunza, wakapuuzwa humo au wakateswa, na familia zao zikaja kwangu hazijui hata zianzie wapi.

Mkuu wenu ameniomba niwaandikie. Basi nimekaa kibarazani na daftari langu. Mkikuta nimeruka huku na kule, nivumilieni. Kichwa changu kimekuwa kama sanduku la mama mkwe: vitu vyote vimo, lakini hakuna kinachopatikana pale ulipokiweka.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa bado mgeni kazini alipokuja mama mmoja kutoka Lusangi. Baba yake alikuwa katika nyumba ya wazee hapa mjini, na alisema mzee hapewi chakula cha kutosha na tena anapigwa. Damu yangu ilikuwa moto. Sikumwuliza hata jina la baba yake. Nilichukua karatasi nikamwandikia msimamizi wa nyumba barua kali, nikapiga mistari chini ya maneno kama "jela" na "sheria", nikaituma kwa baiskeli asubuhi ile ile. Nilijiona simba.

Siku tatu baadaye tukaenda. Tulimkuta mzee amenyolewa ndevu, amevaa shati jipya, amelazwa juu ya godoro ambalo nailoni yake ya dukani ilikuwa bado haijatolewa. Msimamizi alisimama kichwani pa kitanda, mikono nyuma. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamwuliza mzee mbele yake: "Papa, wanakutunza vizuri?"

Mzee alimtazama msimamizi. Akanitazama mimi. "Vizuri, mwanangu," akasema.

Kesi ikafia pale pale. Yule mama alimpandisha baba yake kwenye pikipiki wakaondoka, hakuniaga. Alikuwa na haki.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Salumu, Mungu amrehemu. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla ya kuwa mtetezi. Alivaa kofia iliyofumwa na mke wake, na mfukoni hakukosa karanga. Nilipomsimulia, sikuona hasira usoni mwake. Alinipa karanga, akauliza:

"Kikombe yake ya maji ilikuwa wapi?"

"Kikombe gani, Papa?"

"Ya yule muzee. Ilikuwa karibu na mukono yake, ao mbali?"

"Sijui."

"Na kucha za miguu?"

"Sikuangalia."

"Ngozi ya mugongo?"

Nikaangalia karanga zangu mkononi.

"Sasa weye ulienda kule kuangalia nini? Koti ya musimamizi?"

Alicheka, nami nikacheka huku machozi yananilenga. Kisha akanipa somo ambalo nimelibeba miaka yote. Barua, akasema, ni ya mwisho. Kwanza unaangalia kwa macho. Halafu daktari anaangalia kwa macho yake, mapema, kabla vidonda havijapona. Ndipo unaandika. Mwenye kosa akisikia harufu ya barua kabla ya vile vitu viwili, atapiga deki mpaka darini.

Kwa hiyo, wanangu, mkiingia katika chumba cha mzee, angalieni maji kwanza. Kama kikombe kipo lakini mkono wake haufiki, hapo hapana maji. Angalieni kucha, maana haziwezi kukatwa siku moja zikaonekana kama zilizokatwa kila mwezi. Mwombeni ruhusa ageuke, mwone mgongo na visigino. Shuka mpya ziguseni tu, msizisifu. Na msimamizi mwambieni kwa adabu akawatafutie kiti, kisha kingine, mpaka achoke kusimama hapo.

Sasa niwape habari ya Bibi Feza.

Siku moja alikuja ofisini mwanaume wa Wamaza, kule Kabambare, aliyekuwa amepanda pikipiki tangu alfajiri. Jina lake Kisimba, mkulima, mtu wa karibu miaka hamsini, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alisema mbuzi wa jirani yake amekula muhogo wake. Nikamweleza jinsi ya kulalamika, akashukuru, akaondoka. Juma lililofuata akarudi. Mbuzi yule yule. Nikamweleza tena. Mara ya tatu aliponiambia "Mama Zaina, nakuja juu ya ile mbuzi," nikaweka kalamu chini.

"Papa Kisimba," nikamwambia, "huyo mbuzi ana rangi gani?"

Alifungua mdomo, hakupata rangi. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hakuna mbuzi, Mama," akasema. "Ni mama yangu."

Kumbukeni hilo. Mtu aliyemweka mzazi wake katika nyumba ya wazee haji kwenu moja kwa moja. Kijijini wamekwisha kumwambia kwamba amemtupa mama yake. Akija kushtaki, anajishtaki mwenyewe kwanza. Atawaletea mbuzi, ukuta, deni la mjomba. Mwacheni amalize mbuzi wake, lakini msikubali aondoke naye mara tatu.

Kisimba alikuwa amefiwa na mke. Mama yake, Bibi Feza, alipata ugonjwa uliomlegeza upande mmoja wa mwili. Shamba lilikuwa mbali, nyumbani hakuna wa kumgeuza kitandani, na njia za kwao wakati ule hazikuwa na amani. Akaona bora amlete mjini, penye hospitali. Alikuja kumwona kila alipoweza. Mara ya mwisho alikuta mikono ya mama ina alama, kama bangili mbili za rangi ya zambarau.

"Niliuliza," akaniambia. "Wakasema anajikwaruza mwenyewe. Wanasema amepata wazimu, anapiga kelele muchana kutwa. Miye sikujibu kitu. Nilipanda pikipiki nikarudi. Mama Zaina, miye nilirudi tu!"

Tulikwenda siku ile ile, saa za kutembelea wagonjwa, yeye kama mtoto wa mgonjwa na mimi kama shangazi aliyebeba wali na samaki. Sikuandika barua.

Chumba kilikuwa na vitanda sita. Bibi Feza alikuwa wa mwisho, mbali na mlango. Kikombe chake kilikuwa juu ya dirisha, kikavu, na ndani yake buibui amejenga. Alama za mikono nikaziona. Visigino vilikuwa vimeoza. Alipomwona Kisimba alianza kusema kwa haraka, maneno yanamiminika, na mfanyakazi aliyekuwa akifagia, dada mmoja aitwaye Mapenzi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Unamusikia?" akaniambia. "Iko vile kila siku. Akili yake imekwisha. Anasema maneno yenye haiko maneno."

Kisimba akageuka. "Ni Kibangubangu," akasema.

"Nini?"

"Iko anasema Kibangubangu. Anaomba maji."

Mapenzi alisimama na ufagio wake. Sijasahau uso ule.

Bibi Feza alikuwa amezungumza Kiswahili maisha yake yote, sokoni, kanisani, njiani. Lakini ugonjwa ulipompiga ulichukua mguu, mkono na Kiswahili chote, ukamwachia lugha aliyonyonya kwa mama yake. Na katika nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja wa Kabambare. Alipoomba maji, waliona kichaa. Alipoomba kupelekwa chooni, waliona kichaa. Alipolia kwa hasira, msimamizi aliamuru afungwe mikono kwenye kitanda kwa vipande vya kitenge ili wenzake wapumzike.

Kitanda cha pili yake alilala Bibi Amida, kizee cha hapa hapa mjini, mdogo kama mtoto wa shule, wa moja ya zile familia kongwe za karibu na msikiti. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa au wametawanyika. Hakujua neno moja la Kibangubangu. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge cha Bibi Feza, wala hakuiachia muda wote tuliokuwapo.

Kutoka pale nilikwenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nikapata karatasi ya kumwita daktari. Kabla jua halijatua daktari alikuwa kitandani, anapima alama kwa rula na kuandika. Papa Salumu aliposikia alinipa karanga mkono mzima. Nikadhani sasa nimekuwa fundi.

Kosa moja lilikuwa bado mbele yangu.

Ilibidi nichukue maneno ya Bibi Feza mwenyewe. Mimi nasema Kizimba na Kiswahili, Kibangubangu sijui. Nikamweka Kisimba awe mkalimani. Nilikaa kwenye kigoda, nikauliza, "Bibi, walikutendea nini hapa?" Bibi Feza akasema. Akasema sana, kama mchungaji siku ya Pasaka. Akaonyesha mlango, akaonyesha ua, akagusa kifua, akalia kidogo, akaendelea. Alipomaliza nikamgeukia Kisimba.

"Anasema aliteseka kidogo," akasema Kisimba, macho chini.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Mama."

Hapo nikaelewa. Kuna mambo mama hawezi kumwambia mwanawe wa kiume, na kuna mengine ambayo mwana akiyasikia ulimi wake unakataa kuyabeba. Msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa uchungu wa mzazi wake. Mtawaumiza wote wawili, na daftari litabaki tupu.

Nikaenda sokoni nikauliza kwa wauza samaki nani ni wa Kabambare. Wakanionyesha Mama Sifa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliacha samaki wake kwa jirani, akanifuata. Alipofika kitandani akainama, akamsalimu Bibi Feza kwa lugha yao.

Bibi Feza akamjibu maneno machache, akinitazama mimi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka Bibi Amida naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza hii mwanamuke mwembamba ya kilemba mubaya ni nani," akasema Mama Sifa. "Niseme ni mutetezi wake, ao nitafute jibu ingine?"

Walizungumza asubuhi nzima. Nilijaza kurasa kumi na moja. Bibi Feza alisema alivyokuwa akioshwa uani, mchana, bila nguo, mlango wa barabarani wazi na wanaume wanapita. Alisema alivyoachwa kwenye uchafu wake. Alisema kila walipomfunga, yule kizee wa kitanda cha jirani alisubiri vishindo vya watu viishe, akashuka, akafungua mafundo kwa vidole na meno. Waliporudi na kuona, walimfunga tena Bibi Feza na kumnyima Bibi Amida chakula. Siku ya pili akafungua tena.

"Muulize kama alimwomba afungue," nikamwambia Mama Sifa.

Jibu likaja fupi. "Anasema hawaelewane. Hajawahi kumuomba kitu."

Juma lile Mapenzi, yule mfanyakazi, alinifuata ofisini. Alikuwa ameshika mfuko, na ndani ya mfuko vile vipande vya kitenge. Aliviweka mezani kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Ni miye nilifunga," akasema. "Musimamizi alisema nifunge. Niko peke yangu kwa wazee yote, kupika, kufua, kuosha. Lakini ni mikono yangu. Miye nilifikiri ni wazimu, Mama. Kumbe alikuwa anasema na miye kila siku, na miye namwambia nyamaza."

Ujana wangu ungemrukia. Papa Salumu alikuwa ameketi pembeni. Akamvutia kiti. Akamwambia, "Kaa, mwanangu. Sema pole pole." Niliandika maneno yake, na ndiyo yaliyotufungulia mlango wa mahakama. Msiwachukie wafanyakazi wa chini kabla ya kuwasikiliza. Mara nyingi wao ndio wanaojua amri ilitoka wapi, na mara nyingi usingizi umewakimbia kitambo.

Siku ya kesi tulimleta Bibi Feza kwa kiti cha miguu mitatu kilichobebwa na wanaume wawili. Msimamizi alikuja na suti. Alisema kwa Kifaransa kizuri kwamba mama huyu hana akili timamu, na kwamba maneno ya kichaa hayawezi kumhukumu mtu. Jaji, mtu kijana aliyetoka mbali, akaamua kumpima. Akauliza kwa mdomo wa Mama Sifa: alizaa watoto wangapi? Bibi Feza akawataja saba, mmoja mmoja, wanne waliokufa na kila mmoja alikozikwa. Akauliza: alilima nini? Akataja mpunga, karanga, muhogo, na shamba lipi lilikuwa na mawe. Jaji akauliza swali la tatu, naye Bibi Feza hakujibu. Akamwambia Mama Sifa kitu, na Mama Sifa akasita.

"Tafsiri," akasema jaji.

"Bwana Jaji, unisamehe. Anasema weye umemuuliza watoto yake, mashamba yake na makaburi yake, na haujamwambia hata jina yako. Anauliza kama kwenu munasalimianaka vile."

Chumba kizima kikacheka. Msimamizi akacheka zaidi ya wote, akidhani ameshinda. Lakini jaji hakucheka. Alisimama. Akasema jina lake, la baba yake na la mama yake, na mahali walikotoka. Akamwambia, "Shikamoo, Mama. Naomba msamaha." Kisha akaketi, akamwomba aendelee, na tangu hapo hakuna aliyetamka tena neno wazimu.

Msimamizi alihukumiwa, akafungwa, na akazuiwa kusimamia nyumba ya namna ile. Nyumba yenyewe iliamriwa iache milango wazi kwa ndugu mchana wote, na iongeze wafanyakazi. Mmoja wa walioajiriwa alikuwa mwanamke wa Kabambare. Mapenzi alipewa onyo, akabaki.

Mngedhani hapo ndipo mwisho. Mimi pia nilidhani. Kisimba alikodi pikipiki, jirani yake wa Wamaza alikuwa amekubali kusaidia kumtunza mama, njia ilikuwa imetulia. Tukafunga vitu vya Bibi Feza, tukamvalisha kitenge kipya, tukamtoa nje. Akashika nguzo ya mlango kwa mkono wake mzima, akakataa kuachia.

Tulibembeleza. Kisimba akapiga magoti. Hatimaye nikatuma mtu kumwita Mama Sifa, na ndipo nikaona kosa langu la mwisho katika kesi ile: tangu hukumu itoke, sisi sote tulikuwa tumepanga safari yake, na hakuna aliyemwuliza.

Mama Sifa akasikiliza, akatugeukia.

"Anasema yule mwengine, wakimufunga, nani atamufungua?"

Tukatazama ndani. Bibi Amida alikuwa ameketi kitandani, amekunja mikono, anatazama kitanda kitupu.

Kisimba aliinuka, akapangusa vumbi magotini. Kisha akaingia, akachuchumaa mbele yake. "Bibi," akamwambia, "kwetu iko mbali, na nyumba yangu haiko nzuri. Utakuja?"

Bibi Amida akajibu, "Kuna msikiti?"

"Iko mmoja, mudogo."

"Unatosha," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Msimamizi mpya alikuwa mama mwangalifu, naye alihitaji karatasi. Mzee hatoki na mtu asiye ndugu. Nilitafuta katika sheria zote nilizozijua, sikupata fomu ya jambo lile. Nikaandika yangu kwa mkono: jina la anayetoka, jina la anayempokea, ushahidi wa watu wawili. Kulikuwa na mstari wa undugu, nikauacha wazi maana sikujua niweke nini. Nikampa Kisimba asaini. Akachukua kalamu, akasoma, akafika kwenye ule mstari, akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi: MUTOTO YAKE.

Nilikwenda Wamaza msimu uliofuata wa mavuno, kwa kesi nyingine, nikapita kwao. Nilisikia kelele kabla sijaiona nyumba. Bibi wawili walikuwa wameketi kwenye mkeka, katikati yao ungo wa karanga, wanagombana kwa nguvu zote, mmoja kwa Kibangubangu na mwingine kwa Kiswahili cha mjini, na hakuna aliyeelewa hata neno la mwenzake. Kisimba alitoka jikoni akijifuta mikono kwa shati.

"Wanagombania nini?" nikamwuliza.

"Hata wao hawajue," akasema. Alikuwa amenenepa kidogo. "Mama Zaina, kwanza nilikuwa na mama moja ya kunikaripia. Angalia sasa kazi ya sheria yako."

Akanisogezea kiti, akanipa maji.